Kigae cha Samawati

Mwatime alikuja Jumanne, adhuhuri,
nikiwa na ufunguo mkononi na njaa tumboni.
Akafungua fundo la leso
kama mtu anayetoa nauli,
na ndani hamkuwa na pesa:
kigae cha chupa, samawati,
rangi ya nili tunayotilia kanzu,
kimelambwa na maji hadi kikasahau ukali.

"Hiki cha mama," akasema.
Mama alikuwa na chupa ya dawa ya tumbo,
na nyumba yao Likoni ilikaa juu ya miamba.
Siku aliyokunywa kijiko cha mwisho
aliivurumisha chupa baharini,
kwa hasira kwamba dawa imekwisha, tumbo bado.
Miaka arobaini na moja.
Wanasema maji yakimwagika hayazoleki.
Chupa je?

Mimi nina mkebe wa vigae, zamani wa biskuti:
kijani cha soda, kahawia cha bia,
vyeupe kama uji wa mgonjwa,
na vya samawati tisa,
vyote vya pwani ile ile.
Naijua bahari. Hairudishi vitu kwa jina.
Lakini sonara akibishana na mteja
atakula tupa yake.
Nikauliza, "Pete au kidani?"
"Pete. Kidole hiki."
Akanyoosha cha kati, kilichovimba
kwa kufua mashuka ya hospitali.

Fedha alileta mwenyewe: kikuku kimoja, kizito,
kilichobaki mjane
baada ya mwenzake kuuzwa kwa karo.
(Fedha ikawa fedha. Lugha yetu haina aibu.)

Jumatano nikakiyeyusha.
Tinkari kidogo, moto wa bluu,
kikuku kikakunja uso, kikatetemeka,
kikawa tone,
jicho la samaki wa alfajiri.
Nikamimina. Nikafua. Nikapiga msasa
hadi mwadhini wa Kibokoni akanikumbusha saa.

Kioo hakitaki moto.
Kwa hiyo moto kwanza, kioo mwisho:
unakijengea kikombe, unakiacha kipoe,
unakilaza kigae ndani,
kisha unakunja ukingo, kidogo huku, kidogo kule,
kama unavyomfunika mtoto bila kumwamsha.
Marehemu Pranjivan, aliyenifunza,
alikuwa akisema: mkono wenye haraka hapa
umelala na njaa, ama na deni.
Mimi nililala na vyote viwili.

Tak.

Hata paka hakugeuka.
Kigae kilikuwa vipande viwili,
na pale kilipopasuka
kikanikata kidole gumba.
Miaka arobaini na moja ya kulambwa,
na ndani ukali wote ungalipo,
haujaguswa.

Nikautazama mkebe.
Katika wale tisa mmoja alikuwa pacha wake.
Nikamtia kikombeni. Akaenea
kuliko mwenyewe.
Mola anisamehe, nilimwacha humo usiku kucha,
nikalala vizuri.

Ijumaa, baada ya swala, Mwatime akaja.
Nikafungua kiganja: pete tupu,
vipande viwili, plasta.
"Kimevunjikia mkononi mwangu."
Akavipapasa kwa ncha ya ukucha.
Hakulia. Wala hakucheka.
"Mama naye alikuwa hivi," akasema.
"Watu walimwona laini."

Kisha akachagua kidogo.
"Hiki tia. Upande mkali uelekee ndani,
kwenye fedha."
Akakaa kwenye kigoda akinitazama nikikunja ukingo,
na safari hii mkono wangu haukuwa na pa kukimbilia.
Kile kikubwa akakifunga kwenye leso,
mafundo mawili.
"Nakirudisha. Hakijaiva."

Akanihesabia ujira wote, hakuomba kupunguziwa,
akashuka kuelekea stesheni ya Likoni
huku pete ikimbana kidogo.

Mkebe nimeufunika.
Gumba bado linaniwasha nikikamua ndimu.